Twiga mweupe: Picha ya mnyama wa rangi adimu yaweza kumponza

Mwaka 2017, video ya twiga mweupe na ndama wake ilizunguka dunia. Walionekana katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kaunti ya Garissa, nchini Kenya. Wakaazi ndio waliowaona kwanza, wakawaarifu askari wa wanyamapori.

Machi 2020 ikaja habari ya majonzi: twiga jike mweupe na ndama wake wamekutwa mifupa mitupu, wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja mweupe. Novemba mwaka huohuo alifungwa pembeni kifaa kinachotuma ishara kila saa, ili askari wajue alipo.

Kwa nini ni weupe?

Twiga hawa si albino. Mnyama albino hana rangi kabisa, hata machoni. Hawa ngozi yao ndiyo isiyotoa rangi ya kawaida, lakini macho hubaki meusi. Hali hiyo huitwa leusizimu, na hurithiwa kutoka kwa wazazi.

Chui mweusi ni kinyume chake. Ana rangi nyeusi kupita kiasi, kama yule wa Laikipia ambaye picha zake zilisambaa mwaka 2019. Akipita juani, madoa yake bado huonekana.

Ukimwona, ufanye nini?

Picha ina faida. Huwaonyesha askari kwamba mnyama yu hai, ana afya na ana ndama. Lakini picha hiyohiyo yaweza kumwelekeza jangili. Kwa hiyo:

• Usimkaribie wala kumfukuza ili upate picha nzuri. Mwenye ndama ni hatari zaidi.

• Usiku usitumie mwanga wa kamera.

• Kabla ya kupiga, fungua mipangilio ya simu uzime kipengele cha mahali ulipo. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, hata kama wewe hukupataja.

• Usitaje kisima, mto wala njia anayopita. Jina la kaunti au wilaya latosha.

• Waarifu askari wa hifadhi kwanza, kabla ya kuituma picha kwenye makundi ya WhatsApp. Ikishasambaa, huwezi kuirudisha.

Ishaqbini, habari za twiga weupe zilianza kwa mwanakijiji kumwambia askari. Njia hiyo bado ndiyo salama kwa mnyama.