Mbwa wa Mlangoni
Pompeii, mwaka 79. Watu wanakimbia majivu ya Vesuvius. Mbwa wa nyumba ya Vesonius Primus kabaki karibu na mlango, kafungwa mnyororo. Mwaka 1874 plasta ilimiminwa kwenye uwazi ulioachwa na mwili wake, akatokea: kajikunja, miguu juu, mkanda bado shingoni.

Warumi haohao walipakata vijibwa ndani na kuvichongea mawe ya kaburi. Hawakuchukia mbwa, basi. Kijibwa kilihesabiwa mtu wa nyumbani. Mlinzi alihesabiwa sehemu ya mlango, kama wa mageti yetu ya “Mbwa Kali” (sarufi tuiache). Nyumba nyingine palepale imemchora mlinzi sakafuni kwa vijiwe, pamoja na onyo kwa mgeni. Mnyororo nao umechorwa.