Breki Iliyogoma: Kutu, Nduthi na Karne Moja ya Historia

Kila fundi wa pikipiki anaijua hii. Nduthi imekaa nyuma ya nyumba miaka mitatu, mvua yake, jua lake. Mwenyewe anaikumbuka, anabadilisha plagi, anaweka petroli mpya, anapiga kiki, na injini inaitika. Shangwe! Halafu anajaribu kuisukuma, na gurudumu la nyuma linakataa kuzunguka. Breki imejam. Injini imesamehe, breki imeweka kinyongo.

Kwa nini? Jibu la fundi ni fupi: kutu. Jibu la historia ni refu kidogo.

Mwaka 1902, Louis Renault wa Ufaransa alibuni breki ya drumu kama tunavyoijua: viatu viwili vilivyopinda, ndani ya bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Mwaka huohuo, Frederick Lanchester wa Uingereza alisajili breki ya diski. Lakini barabara za wakati huo zilikuwa vumbi tupu, na pedi zake za shaba zilipiga kelele na kuisha mbio. Drumu ikatawala kwa miongo mingi. Diski ilirudi kwa kishindo kwenye pikipiki mwaka 1969, Honda ilipotoa CB750 yenye diski ya mbele inayosukumwa kwa mafuta.

Ungedhani drumu ilikufa hapo. Wapi! Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa makusudi kwa nchi kama zetu, ambako watu walipakia mizigo kupita kiasi na kubadilisha oili wakikumbuka. Injini yake ilifanywa rahisi na sugu, kisha viwanda vya China vikaiiga kwa wingi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, na boda boda, ambayo ilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia miaka ya 1960, ikawa ya injini kila mtaa. Nyingi ya pikipiki hizo bado zina drumu, hasa nyuma. Kwa hivyo wazo la 1902 ndilo linalokusimamisha leo pale steji ya Kasarani.

Sasa, udhaifu wake uko wapi? Viatu vya drumu hufunguliwa na kamu, yaani kijiti cha chuma chenye ncha bapa. Ukikanyaga breki, kamu inageuka na kuvisukuma viatu. Kijiti hicho hupita ndani ya tundu la bamba la aluminiamu. Grisi ikikauka na maji yakiingia, chuma kinashika kutu, aluminiamu nayo inatoa unga mweupe unaovimba ndani ya nafasi ndogo. Vitu viwili vinakuwa kimoja. Dalili huanza mapema: pedali hairudi vizuri, drumu inachemka, petroli inaisha haraka. Wengi wetu huzipuuza, mpaka siku gurudumu linagoma kabisa.

Kuikomboa kunahitaji akili kuliko nguvu. Legeza kwanza nati ya kurekebisha breki, toa gurudumu, ondoa viatu. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, maana viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Weka alama mahali mkono wa kamu ulipokaa, kisha uutoe. Mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye kijiti, uache kilale hivyo usiku kucha. Kesho yake pasha bamba moto kiasi, na mafuta uwe umeyafuta kwanza. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo tundu linakuachia nafasi. Sasa geuza kijiti kulia, kushoto, kidogo kidogo, mpaka kitoke. Sugua kwa msasa, paka grisi nyembamba. Ikigusa viatu, umeondoa tatizo moja ukaleta jingine: breki isiyoshika.

Diski nayo ina ugonjwa wake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo hula pistoni kimyakimya. Hapa ujanja ni kutumia breki yenyewe: kabla ya kufungua paipu, bonyeza mkono wa breki polepole, na mgandamizo wa mafuta utaisukuma pistoni nje. Mpira wake usiuoshe kwa petroli. Utavimba na kuharibika.

Lakini tuseme ukweli: ule usiku mmoja wa kungoja una bei. Dereva anayeendesha pikipiki ya mtu lazima apeleke hesabu jioni, iwe imetembea au haikutembea. Ndiyo maana nyundo huitwa haraka, bamba likapasuka, au breki ikakatwa kabisa na kazi ikaendelea na ile moja iliyobaki. Huo si ujinga wa fundi wala uzembe wa dereva. Ni hesabu ya siku inayowasukuma wote wawili, na abiria anaibeba bila kujua.

CG125 ilibuniwa ivumilie kusahauliwa, na kwa injini ilifaulu. Breki bado inaomba tone la grisi na usiku mmoja wa subira. Ukipanda kesho na usikie gurudumu likilia, muulize dereva. Na akikuambia leo nduthi inalala kwa fundi, usimkasirikie.