Nanofuwele za aloi ya platini na nikeli

Nanofuwele za aloi ya platini na nikeli ni chembe za metali zenye upana wa nanomita chache, zinazotumika kama vichocheo katika seli za haidrojeni. Seli hizo huzalisha umeme kwa kukutanisha haidrojeni na oksijeni, na masalia yake ni maji. William Grove aliieleza betri ya gesi ya namna hiyo mwaka 1842, akitumia elektrodi za platini.

Ugumu uko upande wa oksijeni. Haidrojeni huachia elektroni zake upesi juu ya platini, lakini kila molekuli ya oksijeni inahitaji elektroni nne na protoni nne ndipo igeuke maji, na hapo ndipo seli inapopoteza sehemu kubwa ya volti zake 1.23 za kinadharia. Platini tupu huing'ang'ania oksijeni kupita kiasi, nafasi za uso wake zikaziba. Nikeli ina atomi ndogo zaidi. Ikikaa chini ya tabaka la juu, huzibana atomi za platini na kubadili hali ya elektroni zake, mshiko ukalegea. Ukilegea mno nako ni hasara, kwa kuwa oksijeni isiyoshikwa haivunjiki.

Mwaka 2007, Vojislav Stamenkovic na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mpangilio wa atomi usoni una uzito sawa na mchanganyiko wenyewe. Uso wa aloi wenye atomi zilizosongamana kwa pembetatu ulifanya kazi mara 10 zaidi ya uso kama huo wa platini tupu, na mara 90 zaidi ya platini ya kawaida juu ya kaboni. Lakini kilichopimwa kilikuwa kipande kikubwa cha fuwele moja. Wanakemia wakaanza kutengeneza nanofuwele zenye nyuso nane za pembetatu, kila uso ukiwa na mpangilio huohuo. Mwaka 2014 yakafuata maumbo matupu ndani, yaliyobakiza kingo tu, ili platini kidogo itoe uso mkubwa.

Mtihani halisi ni uimara, wala si kasi ya siku ya kwanza. Ndani ya asidi ya seli nikeli huyeyuka, huingia kwenye utando wa seli na kuziba njia za protoni, na umbo lililotengenezwa kwa uangalifu mkubwa huviringika. Molibdeni kidogo usoni hupunguza uharibifu huo. Katika magari, aloi ya platini na kobalti ndiyo iliyotangulia: Toyota Mirai, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2014, iliitumia. Platini nyingi ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, na kobalti nyingi kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika eneo la Katanga.