Nafaka Iliyosafiri Bila Mapishi Yake

Msomaji, usidhani kwamba upishi ni jambo dogo lisilostahili kuandikwa katika vitabu vya historia. Wako maelfu ya watu waliougua na kufa, si kwa kukosa chakula, bali kwa kula chakula ambacho hawakufundishwa namna ya kukipika. Chakula chenyewe unakijua sana. Yamkini umekila jana jioni. Ni mahindi.

Asili ya mahindi ni Mexico, ambako wakulima wa kale waliyatoa katika jani la mwitu, lenye punje chache na ngumu, yapata miaka 9,000 iliyopita. Watu wa huko wana desturi ambayo mgeni angeiona ya ajabu. Kabla ya kuyasaga mahindi, huyachemsha katika maji yaliyotiwa chokaa au majivu, huyaacha yalale humo usiku kucha, kisha huyaosha mpaka maganda yatoke. Hapo husagwa yangali na maji, na donge lake huchomwa mikate myembamba. Ukimwuliza mpishi wa huko sababu, atakuambia kwamba punje hulainika na donge hushikamana. Asemalo ni kweli. Lakini chokaa hufanya na kazi nyingine asiyoiona mtu kwa macho. Ndani ya punje mna vitamini iitwayo niasini, nayo imefungwa kwa namna ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Wapishi wale hawakujua habari za vitamini hata kidogo, na hata hivyo walikuwa wakiifanya kazi hiyo karne nyingi kabla ya mwanasayansi yeyote kuzaliwa.

Wahispania walipovuka bahari baada ya mwaka 1492, walichukua mbegu, wakaiacha chokaa jikoni. Huko Ulaya mahindi yalipikwa kama nafaka nyingine yoyote: yalisagwa makavu, yakasongwa. Kwa mwenye nyama na maziwa haikudhuru kitu. Lakini maskini wa Hispania na wa Italia ya kaskazini, waliokula hayo hayo asubuhi na jioni, walipatwa na ugonjwa mpya. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliuona miongoni mwa wakulima wa Asturias. Ngozi iliyopigwa na jua, mikononi na shingoni, ilikuwa nyekundu kisha ikakakamaa, tumbo likaharisha, mwisho akili ikavurugika. Waitaliano wakauita pelagra, maana yake ngozi iliyoparuza. Wengine walisema mahindi yana sumu, wengine kwamba yameoza.

Ugonjwa huo huo ukaja kuwapiga maskini wa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1914 serikali ya huko ilimtuma daktari Joseph Goldberger auchunguze. Madaktari wengi waliamini kwamba huambukizwa. Goldberger aliona kwamba katika hospitali za wendawazimu na nyumba za mayatima wagonjwa ni wale wanaotunzwa, wala si watumishi wanaowatunza, akauliza: maradhi gani ya kuambukiza yanayochagua watu hivyo? Mwaka 1915 aliwalisha wafungwa 11 wa Mississippi, waliojitolea kwa ahadi ya kufunguliwa, chakula cha mahindi na vitu vingine vya kimaskini. Baada ya miezi michache 6 kati yao walikuwa na dalili za pelagra. Wabishi hawakunyamaza, basi alijidunga damu ya wagonjwa mwilini mwake, asiugue. Alikufa mwaka 1929, kabla ya niasini kutambuliwa kuwa ndiyo dawa mwaka 1937.

Na kwetu je? Mahindi yalifika pwani yetu katika zama za Wareno, waliotia nanga Malindi mara ya kwanza mwaka 1498. Hata hivyo bara liliendelea kula mtama, wimbi na mawele kwa muda mrefu. Karne ya 20 ndiyo iliyoyatawaza mahindi: posho ya wapagazi katika vita vya 1914 hadi 1918, posho ya vibarua wa mashamba, na mwaka 1964 mbegu chotara kutoka Kitale. Chokaa ya Mexico haikuja nayo. Lakini mpishi wa hapa hakuipokea nafaka hiyo mikono mitupu. Aliitia katika mapishi aliyokuwa nayo. Agikuyu waliipika pamoja na maharagwe na njahi, ikawa githeri. Akamba waliitwanga kutoa maganda, wakaichanganya na kunde au maharagwe, ikawa muthokoi. Wajaluo wana nyoyo. Ugali nao ulikutana na managu, majani ya kunde, mrenda, maziwa na samaki. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa tendo kubwa la akili, ingawa hakuna aliyejengewa sanamu kwa ajili yake. Ambacho punje haikukitoa, kitoweo kilikitoa.

Upate kuona jinsi kitoweo hicho kilivyo na uzito, tazama yaliyotokea Malawi mwaka 1990. Wakimbizi kutoka Msumbiji walikuwa wakiishi kambini kwa mgao wa chakula, na unga wa mahindi ulikuwa ndio mkubwa. Njugu karanga, zilizowapa niasini nyingi, zilikatika katika mgao. Kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 18,000 walikuwa wameugua pelagra, wanawake wengi kuliko wanaume. Unga haukupungukiwa. Waliokuwa na bustani ndogo ya mboga waliugua kwa nadra kuliko wasiokuwa nayo.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya huwataka wenye viwanda kutia vitamini, niasini ikiwa mojawapo, katika unga wa mahindi unaouzwa kwa pakiti. Itafute katika maandishi yaliyo kwenye pakiti nyumbani kwenu. Unga unaosagwa katika kinu cha posho kijijini, kwa kawaida, hautiwi kitu. Aulaye hutegemea kilichomo katika sufuria ya pili.