Jeli ya Shampeni na Matunda: Historia ya Kitindamlo Kisichookwa

Jeli ya shampeni yenye matunda ni kitindamlo, yaani chakula kitamu cha kumalizia mlo, ambacho kwa muda mrefu kimepamba meza za kiangazi nchini Uingereza na Ufaransa. Matunda ya msimu huo, kama vile stroberi, rasiberi na fyulisi, hupangwa ndani ya kalibu au bilauri, kisha humiminiwa mvinyo wenye mapovu uliochanganywa na sukari na jelatini, na mchanganyiko huo huachwa penye baridi mpaka ugande. Kwa kuwa hakiingii katika oveni, kitindamlo hiki husifiwa kuwa chepesi kukiandaa hata kwa mpishi asiye na uzoefu. Historia yake, hata hivyo, inaonyesha kwamba wepesi huo ni jambo la juzi, na kwamba kazi nzito iliyokuwa ikifanywa na watumishi wa jikoni haikutoweka, bali ilihamishiwa mbali na macho ya mlaji, katika tanuri za vioo, maghala ya mvinyo, mashamba ya miwa na viwanda.

Jelatini ni protini inayopatikana pale kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia ngozi, kano na mifupa ya mnyama, inapochemshwa ndani ya maji kwa saa nyingi. Yeyote aliyeona supu ya makongoro ikipoa na kuganda sufuriani ameshaiona jelatini ikifanya kazi, na kwa hakika makongoro ya ndama ndiyo yaliyokuwa chanzo chake kikuu katika nyumba za matajiri wa Uingereza wa karne ya 18. Miguu hiyo ilichemshwa mpaka maji yapungue, mchuzi ukachujwa na kulazwa usiku kucha, na asubuhi mafuta yaliyoganda juu yakakwanguliwa. Baada ya hapo mchuzi ulirudishwa motoni pamoja na mvinyo, maji ya limau, sukari na ute wa mayai uliopigwa, kwa sababu ute huo unapoiva hunasa chembechembe za uchafu, kisha ukachujwa tena na tena katika mfuko wa kitambaa cha sufu mpaka ung'ae. Jeli angavu ilikuwa, kwa hiyo, ushahidi kwamba mwenye nyumba alikuwa na kuni, muda na mikono ya watu wengine ya kutosha.

Ustadi wa kazi hiyo ulifikia kiwango cha juu kwa waandishi kama Elizabeth Raffald, aliyekuwa msimamizi wa shughuli za nyumbani katika jumba la Arley Hall kabla ya kufungua duka mjini Manchester, na ambaye kitabu chake *The Experienced English Housekeeper* kilichapishwa mwaka 1769. Miongoni mwa mapishi yake limo bwawa la samaki, ambalo samaki wake waliumbwa kwa mchanganyiko mweupe wa lozi na krimu, wakazamishwa katika jeli angavu ili waonekane kama wanaogelea. Wapishi wa Ufaransa, hasa Antonin Carême aliyefariki mwaka 1833, walipenda kutumia vibofu vya hewa vya stajeni, samaki wakubwa wa mito ya Urusi, ambavyo vilikaushwa na kutoa jeli isiyo na ladha ya nyama. Bidhaa hiyo ilikuwa ghali, lakini ilikuwa na faida ya ziada, kwani ilifaa pia kwa siku za mfungo wa Kikristo ambazo nyama ilikatazwa.

Mvinyo wenye mapovu nao ulikuwa na safari yake. Mapovu hayo hutokana na gesi ya kabonidioksidi inayozaliwa pale hamira inapokula sukari ndani ya chupa iliyofungwa, na kanieneo yake hufikia takriban mara sita ya ile ya hewa ya kawaida, kiasi ambacho chupa dhaifu haiwezi kukihimili. Nchini Uingereza, tangazo la Mfalme James wa Kwanza la mwaka 1615 lilikataza kuni katika tanuri za vioo ili mbao zibakie kwa ajili ya merikebu, na moto mkali zaidi wa makaa ya mawe ulisaidia kupatikana kwa vioo imara. Mwezi Desemba 1662, Christopher Merret aliwaeleza wanasayansi wa chama cha Royal Society mjini London jinsi wafanyabiashara walivyokuwa wakiongeza sukari katika mvinyo ili uchangamke na kutoa mapovu. Ufaransa ilikuja kuruhusu mvinyo wa eneo la Champagne usafirishwe katika chupa kwa amri ya mwaka 1728, na kampuni ya shampeni ya Ruinart ikaanzishwa mwaka uliofuata. Bado chupa nyingi zililipuka ghalani, na wafanyakazi walilazimika kuvaa barakoa za chuma ili kulinda nyuso zao, hadi utafiti wa miaka ya 1830 ulipowezesha kupima kiasi cha sukari kinachofaa.

Sukari iliyoingia katika mvinyo huo na katika jeli yenyewe haikuwa bidhaa isiyo na damu. Sehemu kubwa ya sukari iliyotumika Ulaya katika karne ya 18 ililimwa na kuchemshwa na Waafrika waliotiwa utumwani katika visiwa vya Karibiani, na hakuna historia ya vitindamlo inayoweza kuandikwa kwa haki bila kulikiri jambo hilo.

Mabadiliko makubwa ya jikoni yalikuja katika karne ya 19. Peter Cooper wa New York alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya jelatini ya unga mwaka 1845; Agnes Marshall, aliyefungua chuo cha upishi mjini London mwaka 1883, aliuza kalibu na viungo pamoja na kuandika vitabu vya barafu tamu; na mwaka 1897 Pearle Wait wa mji wa LeRoy, jimbo la New York, alibuni unga wa jeli wenye ladha za matunda ulioitwa Jell-O, haki zake akaziuza miaka miwili baadaye kwa dola 450. Majokofu ya nyumbani yalipoenea katika karne ya 20, kilichokuwa kazi ya siku mbili kikawa kazi ya dakika chache na saa kadhaa za kusubiri.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyowezesha mapovu yenyewe kubaki ndani ya jeli. Katika utaratibu wa kale mvinyo ulichemshwa pamoja na mchuzi, na gesi yake yote ikapotea; lakini jelatini iliyokwisha kusafishwa huyeyushwa katika maji machache ya moto, ikaachwa ipoe, ndipo mvinyo baridi unapomiminwa taratibu ukingoni mwa chombo, kwa kuwa kimiminika baridi hushika gesi vizuri zaidi kuliko cha moto. Matunda nayo huchaguliwa kwa uangalifu, kwani nanasi na papai mabichi yana vimeng'enya vya aina inayovunja protini, ambavyo huizuia jelatini isigande isipokuwa tunda limepikwa kwanza.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika historia hii. Agari, inayotokana na mwani na ambayo wapishi wa pwani huitumia kugandishia faluda, si protini, kwa hiyo papai haliiharibu. Tena huganda katika joto la kawaida la chumba na haitokani na mnyama, jambo lenye uzito kwa Waislamu wanaoepuka jelatini ya nguruwe, ambao pia huweka maji ya matunda mahali pa mvinyo. Tangu mwaka 1989, wakulima wa Zanzibar, wengi wao wakiwa wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani, wamekuwa wakilima kwa ajili ya soko la nje aina nyingine za mwani zinazotoa karajinani, dutu ya kugandisha na kuzitisha vyakula vya viwandani. Wao hufunga vipando kwenye kamba wakati wa maji kupwa, wakiinama kwa saa nyingi, na ongezeko la joto la bahari limekwisha kudhoofisha ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi.

Mkulima huyo anasimama leo pale aliposimama mtumishi wa karne ya 18 mwenye mfuko wa kuchujia na mfanyakazi wa ghalani mwenye barakoa ya chuma. Kitindamlo kisichookwa kimekuwa chepesi kwa sababu watu wengi waliubeba uzito wake kabla hakijafika mezani, na haki inadai kwamba sifa anazopewa mpishi ziwafikie wao pia, pamoja na malipo yanayolingana na kazi yao.