Njia za kukimbia Mafia na Bwejuu: angalia maji kabla ya viatu

Mtu akisikia mbio za porini hufikiria milima. Tanzania mbio zinazojulikana zaidi ni za Kilimanjaro, ambazo tangu 2003 hufanyika Moshi, chini ya mlima. Kenya kuna mbio za Lewa, zilizoanza 2000 ndani ya hifadhi ya wanyamapori.

Mafia haina mlima. Kisiwa kikuu kina urefu wa kama kilomita 50, kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na vilima vyake ni vifupi. Lakini mkimbiaji wa Mafia ana kitu ambacho mwenzake wa Moshi hana: bahari inayoondoka na kurudi mara mbili kila siku. Ufuo uliokuwa mpana kama uwanja wa mpira saa nne asubuhi unaweza kuwa maji ya kifuani saa tisa alasiri.

Kwa sababu hiyo makala haya yanaanza na maji, kisha njia zenyewe: za pwani, za misitu, za ziwani na za visiwa vidogo.

Jinsi ya kusoma maji

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo saa uliyokimbia salama Jumatatu si salama Ijumaa. Kufikia siku hiyo maji yameshasogea zaidi ya saa tatu.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndipo maji ya bamvua. Hapo bahari hupwa mbali sana na kujaa juu sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haisogei sana.

Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, una jedwali la maji. Bamvua huwa karibu na tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi. Maji mafu huwa karibu na tarehe 8 hadi 10 na tarehe 22 hadi 24.

Kwa pwani ya Tanzania, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake: asubuhi katikati ndipo yanapojaa. Haya ni makadirio ya kuanzia tu. Saa kamili utampata mvuvi wa eneo lako akuambie, na hatakosea.

Jambo linalowaponza wengi ni mwendo wa maji yanapojaa. Hayapandi sawasawa. Gawa kina chote kitakachopanda katika mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Kama jumla ni mita 3, saa ya tatu peke yake ni sentimita 75. Maji yaliyokuwa kwenye kifundo cha mguu yamefika karibu na kiuno, na saa ya nne yanaongeza kiasi hichohicho.

Tena maji hayaji kila mara kutoka mbele. Kwenye ufuo tambarare hupita kwanza kwenye mabonde ya mchanga na mikondo ya mikoko iliyo nyuma yako. Ukija kugeuka, njia ya kurudi imeshafungwa ilhali pale uliposimama bado ni pakavu.

Hili si la Mafia pekee. Februari 2004, katika ghuba ya Morecambe huko Uingereza, watu wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe mchangani walizungukwa na maji usiku, wakafa. Walikuwa wahamiaji, si wenyeji wa pwani ile.

Kanuni ni fupi: toka maji yakiwa bado yanatoka, na geuka kabla hayajageuka.

Njia ya kuanzia: Kilindoni hadi Utende

Barabara hii ya lami ina urefu wa kama kilomita 15. Inakata kisiwa kutoka Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, hadi Utende kwenye Ghuba ya Chole. Unapita minazi, mikorosho na miembe, na vijiji ambako watoto watakusindikiza bila kualikwa. Hapa maji hayakuhusu, kwa hiyo ni njia nzuri kwa anayeanza na kwa siku ambayo maji hayaeleweki. Kimbia upande wa kulia, ukitazamana na magari na bodaboda, maana Tanzania vyombo hupita kushoto. Ukichoka, bodaboda ya kukurudisha haikosekani.

Utende ni lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hii ilianzishwa 1995 na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Wageni hulipa kiingilio. Ndani ya hifadhi usiokote makombe wala matumbawe, hata yaliyokufa.

Ras Kisimani na Bwejuu

Kusini magharibi mwa kisiwa ni Ras Kisimani. Palikuwa na mji wa kale wa Waswahili, na sehemu yake kubwa imemezwa na bahari. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kumfundisha mkimbiaji kwamba ufuo hautulii: mchanga huletwa na kuondolewa, na alama uliyoitegemea mwaka jana huenda haipo mwaka huu. Pita njia ya mashamba kwenda, kisha malizia ufuoni maji yakiwa yametoka.

Ng'ambo ya ras, ndani ya mkondo unaotenganisha Mafia na bara, kuna kisiwa cha Bwejuu. Usikichanganye na kijiji cha Bwejuu kilichoko Unguja. Bwejuu ya Mafia ni kisiwa kidogo cha mchanga na cha wavuvi, na upande wa magharibi kinaelekea delta ya Rufiji yenye misitu mikubwa ya mikoko. Hufikiwa kwa chombo.

Mbio za Bwejuu ni za kuzunguka kisiwa ufuoni. Kwa kuwa kisiwa ni kidogo, maji yakijaa unapanda juu na kusubiri. Hatari yake iko kwenye chombo. Maji yakipwa sana, mashua hukaa juu ya mchanga na hakuna safari hadi yarudi. Kabla ya kushuka, patana na nahodha saa ya kuondoka, naye ndiye mwenye neno la mwisho. Chukua maji ya kunywa ya siku nzima. Mpite mvuvi anayetengeneza nyavu kwa salamu, na usiruke nyavu zilizoanikwa wala kukanyaga samaki wanaokaushwa.

Chole na Juani

Kutoka Utende unavuka kwa mashua dakika chache hadi Chole. Kisiwa hiki hakina magari. Njia zake ni za mchanga chini ya miti mikubwa, zikipita kwenye magofu ya enzi za Waarabu na Wajerumani. Popo wakubwa wanaokula matunda hulala mchana wakining'inia kwenye miti; punguza mwendo na sauti unapopita chini yao. Mzunguko mmoja wa kisiwa unamtosha mkimbiaji wa kawaida kwa asubuhi moja.

Jirani yake ni Juani, chenye magofu ya mji wa Kua: jumba, misikiti na makaburi. Mji huo ulishambuliwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava kutoka Madagaska, na haukuinuka tena. Ndani ya magofu tembea, usikimbie. Kuta ni dhaifu, na kwa wenyeji hapa ni mahali pa heshima.

Upande wa mashariki Juani inatazama bahari kuu, na kasa hutaga katika fukwe zake. Usikimbie huko usiku na tochi. Mwanga huwafukuza majike na kuwapoteza watoto wa kasa wanaotafuta bahari.

Maji yakipwa sana, watu huvuka kwa miguu kati ya Chole na Juani. Hiyo ni njia ya wanaojua. Mgeni asiivuke bila mwenyeji, hata akiona nyayo mpya mchangani. Nyayo zinaonyesha kwamba mtu alipita, hazisemi alipita saa ngapi.

Msitu na ziwa

Mashariki mwa kisiwa kikuu uko msitu wa Mlola, mojawapo ya mabaki ya misitu ya asili ya pwani. Kuna kima, komba na paa wadogo. Chini ni mwamba wa matumbawe wenye ncha, umefunikwa na majani. Anayeanguka hapa huchanika, kwa hiyo hatua ziwe fupi na macho yawe chini. Nenda na mtu wa kijiji cha karibu, maana njia hugawanyika na zote hufanana.

Ndani ya kisiwa kuna ziwa Chunguruma, lenye mayungiyungi na ndege wa majini. Mafia pia ina viboko wachache kwenye mabwawa yake. Husemwa kwamba wazazi wao walisombwa na mafuriko ya Rufiji wakavuka bahari. Kiboko hutoka majini kula nyasi usiku na kurudi alfajiri. Kwa hiyo sheria ya hapa ni kinyume cha pwani: usije mapema mno. Subiri jua lichomoze, uliza wenyeji kama wanyama wameonekana, na usisimame kati ya kiboko na maji.

Kaskazini hadi mnarani

Kwa wenye pumzi, njia ndefu ni ya kaskazini kupitia Kirongwe hadi Bweni. Mwisho wake ni Ras Mkumbi, kwenye mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani 1892. Si lazima uikimbie yote. Panda gari hadi Kanga au Bweni, kisha kimbia sehemu ya mwisho. Mashariki kuna ufuo mrefu wa Kanga, mzuri maji yakiwa nje na mchanga ukiwa mgumu.

Njia zina wenyewe

Karibu kila njia iliyotajwa hapa ni ya mtu kwenda shambani, kisimani au baharini. Msalimie unayempita, mzee apewe shikamoo yake hata kama unahema. Mfuate mwenyekiti wa kijiji au mjumbe ukitaka kupita na kundi.

Nguo zifunike mabega na magoti, kwa mwanamume na mwanamke. Dada anayetaka kukimbia anaweza kuvaa suruali pana na kilemba chepesi, na wawili wakienda pamoja maswali hupungua. Ijumaa mchana si wakati wa kupita mbele ya msikiti kwa vishindo.

Maji yakitoka, chini kuna mashamba ya mwani, mengi ya kina mama. Kamba zile ni kipato cha nyumba. Zunguka.

Viatu, jua na maji ya kunywa

Majira mazuri ni ya kusi, Juni hadi Septemba, kukiwa na upepo na jua la wastani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za ndani ni tope. Oktoba hadi Februari, wageni wanapokuja kuangalia papa potwe, joto ni kali. Maliza kabla ya saa tatu asubuhi.

Vaa raba zenye soli ngumu. Ufuoni wengi hupenda miguu mitupu, lakini mwamba hukata na taa hujificha mchangani. Ukiingia kwenye maji ya kina kifupi, buruta miguu badala ya kuinua. Taa akishtuka atakimbia mwenyewe. Dafu moja kabla na moja baada ya mbio ni msaada, ila halitoshi peke yake kwa safari ndefu. Beba maji.

Maji yakikuzunguka

Usishindane nayo. Elekea nchi kavu iliyo juu zaidi, hata kama si upande wa nyumbani. Usivuke mkondo wa mikoko unaokwenda kwa kasi na kupita magoti. Tope la chini hukamata mguu. Piga simu mapema ukiwa bado pakavu, kwa mtu uliyemwachia habari au namba ya dharura 112. Pungia nguo, ngalawa na mashua hupita mara nyingi. Ukiwa juu na salama, kaa. Baada ya saa chache bahari itakufungulia njia.

Kwa hiyo kabla hujatoka, mwambie mtu mmoja mambo matatu: unapita wapi, maji yanageuka saa ngapi, na utarudi saa ngapi. Kama la pili hulijui, hujawa tayari kuondoka. Ndugu, nenda kwanza ukamuulize mvuvi.