Masaa 15 Hadi New York, na Wale Waliotangulia

Oktoba 28, 2018 Kenya Airways ilirusha ndege yake ya kwanza ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, na wasee mtandaoni wakashangilia kama tumechukua Kombe la Dunia. Ni karibu kilomita 11,800. Kwenda ni masaa kama 15, kurudi kama 14, kwa sababu upepo wa huko juu hutoka magharibi na huisukuma ndege ikirudi nyumbani. Inaondoka usiku, na hiyo inasaidia: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta inapaa kwa shida.

Sawa, hiyo ni hesabu. Lakini hii safari ina wenyewe.

Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda New York, kusoma. Tom Mboya, jamaa wa miaka 29 tu (fikiria wewe ukiwa 29 utakuwa unafanya nini), alikuwa amezunguka Marekani mapema mwaka huo akiomba nafasi vyuoni na pesa za nauli. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya mchango. Wakoloni hawakufurahia. Ndege za wakati huo zililazimika kutua njiani kuongeza mafuta, kwa hivyo masaa 15 ilikuwa ndoto.

Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na kundi la 1960 lilikuwa na msichana kutoka Nyeri, Wangari Maathai.

Sasa cheki majina. 1959 uwanja wa New York uliitwa Idlewild. Jina la Kennedy lilikuja 1963, baada ya kuuawa. Wetu uliitwa Embakasi, na Jomo Kenyatta, ambaye leo jina lake liko pale, wakati huo alikuwa amezuiliwa Lodwar. Na uwanja wenyewe, uliofunguliwa 1958, ulichimbwa kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau. Hii ndiyo sehemu inayoniuma. Tunapiga selfie pale na hatuwataji.

Kwa jumla karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walisafirishwa hadi 1963, na wengi walirudi kushika kazi ambazo nchi mpya ilizihitaji vibaya sana. Nauli zao zilichangwa na watu ambao hawakuwa wamewahi kuwaona. Leo ndege haitui popote njiani, lakini kijana wa Pipeline anayeisikia ikipaa usiku atatafuta nauli peke yake, na kabla ya nauli, visa.